Kurasa Nilizofungia Korosho

Chuno, jioni ya kuamkia safari yako

Somoe, mwanangu, na mama yangu kwa jina,

Habari za sweta, blanketi, chakula cha njiani na namna ya kuukumbatia mkoba ndani ya basi ameshazimaliza shangazi yako, na najua huko Mikindani ulikokwenda kumuaga sasa hivi anazirudia tangu mwanzo. Mimi sina la kuongeza. Sumbawanga sijafika, na baridi yake naisikia kwa watu tu. Nimekaa hapa barazani, jiko nimelizima mapema, na kila mteja anayekuja namwambia leo sikaangi. Wananitazama kana kwamba naumwa. Acha wanitazame.

Nataka tuzungumze vitabu. Najua utacheka. Utasema, huyu mzee vipi, mtu ajira imetoka, anakwenda kupima damu za watu pembe ya pili ya nchi, yeye anamwandikia habari za vitabu. Ndiyo. Mambo mengine mimi na wewe hatujui kuyasema. Tangu mama yako afariki, tukitaka kugombana tunagombania kitabu, na tukitaka kupatana mmoja anamwuliza mwenzake, "Hivi yule bwana wa ukurasa wa jana ana akili kweli?" Ndiyo salamu yetu. Nyumba nyingine wana salamu zao.

Hapa mtaani wananiita Mzee Maktaba, nami nawaacha, sifa haina hasara. Lakini wewe unajua nilivyoingia kwenye kusoma, au unajua nusu, kwa sababu ulikuwa mdogo. Nilipoachishwa ulinzi wa ghala nikaanza kukaanga korosho, mwalimu mmoja aliyekuwa anahamishwa kwao bara aliniachia gunia la vitabu chakavu nifungie. Nikafurahi, karatasi ya bure. Siku ya kwanza nilichana kitabu cha juu bila hata kutazama jalada, nikaviringisha vifuko, nikavipanga kwenye sinia. Mama yako akachukua kimoja, akakikunjua, akasoma, akanyamaza. Nilikuwa nakijua kile kimya chake.

Akasema, "Baba Somoe, mtu atakula korosho, karatasi ataitupa mtaroni. Na humu mna jina la Mungu. Utajibu nini?"

Nikamwambia hicho ni kitabu cha Wakristo. Akaniuliza, "Kwani Mungu wa Wakristo ndiye yupi huyo?" Nikasema basi, nitakuwa naangalia kwanza. Akasema, "Utaangaliaje bila kusoma?"

Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Sikuanza kusoma kwa kupenda elimu. Nilianza kwa kumwogopa Mungu na mama yako, na usiniulize nani zaidi. Ukurasa wenye jina la Mungu unabaki kwenye jalada, usio nalo unachanwa. Mwanzoni nilikuwa napitisha macho juu juu, kama mtu anayechambua mchele. Kisha siku moja nikajikuta nimeunguza korosho sinia zima, moshi umejaa uani, nami nimeshika kitabu. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa ngoja nikupe maoni yangu, kwa sababu kila nikianza kukupa unanikatiza.

Kitabu bora nilichowahi kusoma maishani mwangu ni kile cha ufugaji wa kuku. Usicheke tena. Mwandishi wake anakueleza banda, chanjo, maji, pumba, kisha anakwambia ukishafanya yote hayo vizuri kabisa kuna kuku watakufa, na usianze kumtafuta mchawi. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikashusha pumzi. Kuna watu wameandika vitabu vinene kuhusu maisha na hawakuthubutu kusema hivyo. Lakini bwana yule, pamoja na hekima yake, hakumtaja Mungu hata mara moja. Basi chote kimekwenda. Nimekifungia korosho ukurasa mmoja mmoja, mpaka jalada. Siku uliponiona nimenuna ukauliza nina nini, nilikuwa nauza ukurasa wa vifaranga.

Kitabu nilichokichukia kuliko vyote unakijua, kile cha kufanikiwa. Mwandishi anaamka kabla ya jogoo, anakimbia, anakunywa maji ya uvuguvugu, anatabasamu kwenye kioo. Hajawahi kuugua tumbo wala kufiwa. Na kila anachopata, gari, nyumba, mke wa pili, anamshukuru Mungu, ukurasa baada ya ukurasa. Sikuweza kuchana hata karatasi moja. Ndiye mzima kuliko wote pale kwenye rafu, amekaa anang'aa. Mgeni akija anamchukua huyo kwanza, ananiambia, "Mzee, kumbe unasoma vitu vya maana." Nameza mate.

Kile cha mashairi ya kumuusia mke nilimsomea mama yako huku nikijiona mwanamume hasa. Alisikiliza mpaka ubeti wa mwisho, mkono shavuni. Akauliza, "Huyu bwana alikuwa anaoa au anaajiri?" Sijakisoma tena.

Cha jiografia kimesema Mto Ruvuma ni mpaka wa kusini. Mstari mmoja, kisha kinaendelea na madini. Mwandishi hajasema uongo, ila amesimama mbali. Mimi nimezaliwa Kitaya, kando ya mto huo. Bibi yako, huyo uliyepewa jina lake, alikuwa na dada aliyeolewa ng'ambo, na kiangazi mto ukipungua, mchanga ukijitokeza katikati, walikuwa wanasimama kila mmoja upande wake wanapigiana kelele kwa Kimakonde. Nilidhani wanapeana habari kubwa. Siku moja nikasikiliza vizuri. Bibi yako alikuwa anauliza, "Leo umepika nini?" Na ng'ambo sauti inarudi, "Kisamvu." "Kina nazi?" "Nazi imekwisha." Basi, kila mtu anarudi kwake ameridhika. Nilikuwa kijana, nikawaona wajinga.

Na riwaya ile ya upelelezi. Hapo tuna kesi ya zamani mimi na wewe. Mpelelezi mwenyewe sikumpenda, mtu halali usingizi, hali chakula, hana hata ndugu wa kumjulia hali. Lakini wewe ulimpenda, ulikuwa darasa la saba, ukatoka shule ukakimbilia kitabu, ukakuta mwisho umeuzwa. Kulikuwa na mpira siku hiyo, watu wakaja wengi, nikachana bila kufikiri, maana katika kurasa za mwisho hakuna aliyemtaja Mungu. Mle ndani watu wanasema "Mungu wangu" wakikuta maiti tu. Kimebaki kitabu chembamba cha maiti watupu. Ulinisusia, ukawa unanijibu kwa kichwa. Ukaniuliza nani aliua, nikakwambia nimesahau.

Sikusahau. Ni daktari. Nilipenda tu ulivyokuwa unanifuata nyuma ukinibembeleza, toka uani mpaka barazani, nikajiambia acha aendelee kidogo. Miaka yote hii unamshuku mpishi wa watu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu jua linashuka na wewe utarudi.

Wiki iliyopita ulipokuwa unafunga vitu, uliniambia niitazame rafu. Ukasema, "Baba, umegundua? Tumebaki na watu wanaoapa, wanaolia na wanaozikana. Kurasa za kwenda sokoni zote umeuza." Ukaendelea kukunja kanga zako, hukujua umesema nini. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji muda mrefu. Ni kweli. Watu wa vitabuni humtaja Mungu wakibanwa. Wakila, wakicheka, wakitafuta kandambili iliyopotea, hawamtaji. Kwa hiyo siku zao za kawaida zimekwenda na korosho, na siku zao za dhiki nimezitunza.

Na nimefanya hivyo hivyo na mama yako. Nikikaa nimkumbuke, inakuja wodi. Inakuja miguu yake ilivyovimba, inakuja simu ya alfajiri, sanduku likishushwa kwenye gari. Nikitafuta siku ya kawaida, Jumanne tu, mama yako anachambua dagaa na kanga begani, sipati. Najua zilikuwepo, zilikuwa nyingi kuliko zote. Nilizipitisha macho, nikaona hamna kitu ndani yake, nikaziacha ziende. Hilo linaniuma, Somoe, na sijawahi kulisema kwa mtu.

Kuna riwaya moja tu iliyobaki nzima pamoja na kile cha mafanikio, kwa sababu wapendanao wale wanaapa kila ukurasa, wallahi nakupenda, Mungu ananiona, Mungu shahidi. Ile ya dada wa cherehani na mpima ardhi. Ulipoitoa kwenye rafu mwezi huu ukasema tusome hii kabla hujaondoka, mimi nilikohoa, nikasema haya. Nilitakiwa nikwambie jambo siku ile.

Kitabu kile nilikuwa nakisoma na mama yako kabla hajapelekwa Dar es Salaam. Yeye alikuwa anachambua korosho, mimi nasoma kwa sauti. Alikuwa upande wa mpima ardhi, na alishasema mapema kuwa yule dada ataolewa, hakuna haja ya kumaliza. Walipomchukua tulikuwa tumebakiza sehemu ndogo. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako Mikindani kwa ajili ya mitihani, mimi niko hapa peke yangu, nikaimaliza kwa upweke.

Akanipigia simu kutoka wodini. Sauti ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. Tukazungumza dawa, tukazungumza daktari amesema nini. Kisha akasema, "Hivi yule dada wa cherehani, aliolewa?"

Nikamwambia, "Rudi uje usome mwenyewe."

Niliona nimesema neno la mapenzi. Nilidhani namwekea kitu nyumbani cha kumvuta arudi. Akacheka kidogo, akasema, "Haya, Baba Somoe, nitarudi." Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, nilikuwa sijala. Hakupiga tena. Alirudi kwa namna unayoijua.

Ilikuwa sentensi moja, mwanangu. Ningemwambia sentensi moja tu, angelala na sentensi yake. Nilijifanya mjanja.

Ungedhani mtu akipata somo kama hilo atabadilika. Mimi juzi nimeng'oa kurasa za mwisho za kitabu kile kile nikazificha ndani ya koti langu la mvua. Nilifanya hivyo baada ya wewe kunionyesha tiketi. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Nilisema moyoni, akifika huko, akikaa mwezi, atakumbuka hajui mwisho, atanipigia. Na siku nyingine atapata likizo, atasema, ngoja niende nikamalizie kile kitabu kwa baba. Uliponiuliza kurasa ziko wapi nikakwambia labda nimefungia korosho bahati mbaya.

Ukasema, polepole, "Lakini baba, kitabu hiki wanaapa kila ukurasa. Ungefungiaje?"

Ukaniangalia. Nikaangalia jiko. Ukarudi kwenye begi lako wala hukuniuliza tena, na mimi nilitamani uniulize, nikuambie. Umerithi kimya cha mama yako. Sikukipenda kwake na sikipendi kwako.

Naogopa, Somoe. Acha niseme hivyo bila kuzungusha. Siogopi Sumbawanga, una akili na una kazi, na watu wa kule nao ni watu. Naogopa hapa. Naogopa kusoma ukurasa wa kijinga nikageuza kichwa kukwambia, nikakuta mkeka mtupu. Jana nilijaribu kusoma peke yangu ulipokuwa umetoka, nikafika mahali pa kuchekesha, nikacheka, kicheko kikasikika vibaya. Nikafunga kitabu. Na zaidi ya hapo naogopa simu. Nimeshaona wenzangu, watoto wao wako mbali, simu inalia ni msiba, ni homa, ni harusi. Mtu anamjua mwanawe kwa kurasa za kuapia tu. Katikati hamna kitu.

Wewe usinifanyie hivyo. Nipigie siku ambayo hamna kitu. Niambie mwenye nyumba wako anafuga nini, maji yanatoka saa ngapi, umepika nini, na kama hakina nazi useme hakina nazi. Nikikuuliza maswali ya kijinga unijibu. Sasa ndiyo najua bibi yako na dada yake walikuwa wanafanya nini pale mtoni. Na mimi nitakueleza ya hapa. Yule kijana mpya anayeuza mihogo anapanga vipande vinene nje, vyembamba ndani, hilo nilitaka kukueleza tangu asubuhi, ukawa na haraka.

Wala siandiki haya ili ujione umeniacha. Ukisoma hivyo utakuwa umesoma vibaya, na mimi nimekulea usome vizuri. Nilipokuwa na umri wako niliondoka Kitaya bila kumwambia bibi yako nakwenda kwa muda gani, nilisema naenda Mtwara kununua nyavu. Wewe unaaga nyumba kwa nyumba mpaka miguu inauma. Umenizidi.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ule wa zipu mbovu, utakuta kifuko cha korosho. Nimezikaanga asubuhi kabla sijazima jiko, moto mdogo, zile kubwa za Nanyamba, chumvi kidogo kama unavyopenda. Nimeziacha zikapoa kabisa. Ndani nimetanguliza karatasi ya jiografia ili mafuta yasipenye, na nje nimefunga kwa kurasa zile. Zote zipo. Jina la Mungu limo humo mara nyingi, na ni mara ya kwanza tangu siku ile ya gunia kufunga korosho kwa karatasi ya namna hiyo. Nimemwomba radhi mama yako kwa sauti, hapa hapa barazani, jirani amenisikia. Lakini najua kifuko hicho hakitakwenda mtaroni. Ukimaliza kula, kikunjue, ukipige pasi ukitaka, ukiweke mahali pa juu.

Nilifikiri nikuache usome mwenyewe. Nimekataa. Nimeshawahi kumwambia mtu hivyo. Basi sikia mwisho wake kutoka kwangu, nawe huko mbele ukisoma utanibishia kama ninakosea.

Mama yako alisema ataolewa. Wewe ulisema ataondoka. Umepatia wewe, Somoe. Anapakia cherehani yake kwenye lori asubuhi, mpima ardhi anamsaidia kuifunga kamba, anapanda, anaondoka. Nilikichukia kitabu kile kwa sababu hiyo, nikasema mwandishi hana huruma. Leo nimeurudia mwisho ule kabla ya kufunga korosho, nikaona nilimkosea. Mwandishi anamfuata yule dada mpaka anafika, na njia nzima hamfanyi chochote kibaya.

Baba yako